Picha ya Jumamosi, Nachingwea

Kiingilio mia tano. Jenereta likikohoa uani,
tukaiona mizimu ya kukodi ikiburuza ndala.

"Damu ile tomato," alisema Somoe, muuza chipsi,
"tena iliyoanza kuchacha, naijua."
Mfaume Chilumba alicheka hadi akaomba maji;
mwanawe alikwishajikojolea zamani.

Mwalimu Nandonde akasimama, akaziba televisheni:
kwa nini binti ndiye adondokwe kanga
na mzimu avae suti?
Tukamzomea akae.
Kesho yake alirudi, akakaa benchi la mbele.

Mimi niliwacheka wote.
Halafu njia ya kwetu hukatisha mikoroshoni,
sina tochi,
mbwa wa Bi Nangumbi kanyamaza ghafla,
na nyuma yangu, polepole,

ndala.