Hesabu ya Kushuka

Saru, binti ya dada yangu, ana saa mkononi
inayolijua anga kuliko yeye.
Inamlilia: fungua. Asiposikia,
mwavuli unajifungua wenyewe.
Juzi aliniuliza, "Mjomba, nyinyi mlijuaje?"

Tulihesabu.

Mwavuli wangu wa kwanza ulitupwa na jeshi,
duara, rangi ya mchuzi wa ndengu,
una viraka vinne vya mkono nisioujua.
Tuliikunja sakafuni, ukumbi wa kanisa, Nairobi West,
Jumamosi, kwaya ikishaondoka,
viti tumevisukuma ukutani,
na mama mfagiaji akiuliza kila wiki:
mvua hakuna, miavuli ya nini?

Menezes wa karakana ya reli alivaa kofia ya pikipiki.
Ogutu wa posta alikuja na buti za kaka yake,
kubwa, kazijaza magazeti.
Muringo, muuguzi, alikunja kamba
kama anayefunga kidonda cha mtoto.
Mwavuli uliopita mikononi mwake
niliruka nao bila kusali.

Wilson, alfajiri. Sesna isiyo na mlango,
petroli tumeichangia kama watu wa matanga.
Chini, mabati ya Kibera yanaamka,
bwawa, kisha mbuga, twiga wanakikimbia kivuli chetu,
na kule Athi River, moshi wa kiwanda cha saruji:
hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu cha upepo.
Moshi ukilala, tunarudi nyumbani.
Ukisimama, rubani ananyoosha kidole tu.

Watu hudhani unaanguka.
Huanguki. Hewa inakuwa mtu,
inakushika kwapani
kama fundi cherehani anayekupima suti.

Na kila mmoja alihesabu kwa lugha iliyomtoka.
Menezes kwa Kikonkani, mbiombio,
rozari ya mtu aliyechelewa kazini.
Muringo: ĩmwe, igĩrĩ, ithatũ.
Ogutu: achiel, ariyo, adek.
Mimi: elfu na moja, elfu na mbili,
na Kiswahili, mnakijua, hakimezi irabu,
kila silabi inataka kukaa kitako.
Kwa hiyo nilifungua chini ya wenzangu wote,
futi mia mbili chini, siku nyingine mia tatu.
Wakaniita shujaa.
Ilikuwa sarufi.

Nilitua mara moja katikati ya ng'ombe, Kitengela.
Kijana mchungaji hakukimbia.
Aliutazama mwavuli ukikata roho nyasini,
akauzunguka, akaupapasa,
akauliza bei.

Ogutu, sisemi mengi.
Jumamosi ile Muringo alikuwa zamu Pumwani,
kila mtu akajikunjia wake.
Tulimkuta ng'ambo ya reli.
Magazeti yalikuwa bado ndani ya buti,
tarehe inasomeka.
Sijui alifika hesabu gani.
Miaka arobaini hilo ndilo ninalouliza,
si kwa nini; ngapi.

Menezes alihamia Toronto.
Muringo alifungua duka la dawa, tukawa tunakutana barabarani,
tunaulizana habari za watoto, bei ya unga.
Hakuna aliyetazama juu.

Haya sikumwambia Saru.
Nilimwambia tulihesabu, akacheka,
akanionyesha mwavuli wake, mraba kama godoro,
unaogeuka kushoto na kulia kwa kidole kimoja.
Ni mzuri. Naukiri. Nimeuonea wivu.

Mwezi uliopita walinipasua goti, Kenyatta.
Daktari wa usingizi, mtoto kabisa, akanifunika pua.
"Mzee, hesabu," akasema.
Hakusema kwa lugha gani.
Elfu na moja. Taa juu yangu, duara.
Elfu na mbili. Mtu akanishika kwapani.
Elfu na tatu,
na mkono wangu wa kulia
(muuguzi ndiye aliyenisimulia, akicheka)
ukapanda kifuani, ukalishika gauni la hospitali,
ukavuta
mpaka tepe ikakatika.