Usiku wa Kulala na Viatu

Redioni wamesema saa nane za usiku,
au tisa. Upepo hauvai saa.
Kimbunga wamekipa jina, jina la mtu kabisa,
mie silitaji humu ndani:
mgeni ukimwita kwa jina, huingia.

Massoud yuko juu ya bati tangu alasiri,
na mawe, na mipira mibovu ya gari.
Kamba ya usumba kaipitisha mara tatu juu ya paa,
kaifunga kwenye kisiki cha mkarafuu
uliokufa mwaka ule wa jua;
ncha moja kaiingiza tunduni,
kaikaza kwenye boriti juu ya kichwa changu.
"Fundo gani hilo?"
"La ng'ombe, mama."
Basi nyumba yangu leo ni ng'ombe.
Asije akakata kamba.

Vyeti nimevitia mfuko wa nailoni,
mfuko ndani ya ndoo ya rangi yenye kifuniko:
vya kuzaliwa, vinne; cha kufa, kimoja;
kadi ya kliniki ya Time,
na risiti ya karafuu ambazo hadi leo sijalipwa.
Ukoo mzima,
na bado pakabaki nafasi ya kilo ya sukari.

Maji yamejaa pipa, madebe,
hata lile buli la harusi lisilowahi kumwaga chai.
Kisima tumekifunika kwa mlango wa choo.
Anayekwenda chooni akohoe.
Simu imerudi kutoka dukani kwa Khatib
na asilimia sitini na mbili,
na salamu ambazo sikuziomba.

Mama mkwe hataki kuhama chumba cha dirisha.
"Nimezaliwa siku ya upepo," anasema,
"leo nimkimbie mkunga wangu?"
Tukamnyanyua na kitanda chake, watu wanne,
kama bibi harusi, hadi ukumbini
pasipo kioo wala dirisha.
Njia nzima anatukemea tusigonge kizingiti.
Kibindoni kafunga kitu.
Mbegu ya mpunga, vibaba viwili.
Sisi tumeokoa karatasi;
yeye kaokoa mwakani.

Limebaki moja, nalo halina kamba wala ndoo.

Sikudhani, wa nyumba ya pili,
hatusemezani tangu Mfunguo Tatu.
Mbuzi alikuwa wangu. Muhogo ulikuwa wake.
Paa lake ni makuti, nguzo ya uani kaila mchwa,
naijua, kila siku naipita nimegeuza uso.
Nikasimama upenuni, ulimi mzito kama jiwe la kusagia.
Nilipanga maneno mazuri.
Yakatoka haya tu:
"We! Njoo na mkeka wako!"

Akaja na watoto wawili, tenga la kuku,
na kopo la chumvi mkononi.
Hakuniuliza kitu.
Nikampakulia nilichokuwa nimechemsha,
na sahani ilipokwisha kutua ndipo nilipoona:
muhogo.
Akautazama. Akanitazama.
"Huu wa wapi?"
"Wa dukani."
Akautia chumvi yake, akala.

Sasa tumelala tisa, miguu na viatu,
Massoud na filimbi shingoni,
kandili nimeipunguza hadi ukucha wa moto.
Time hajalala.
"Mama, redio imesema kina jicho. Litatuona?"
Nikadhani bibi yake kasinzia, kumbe:
"Litaona watu wazima wamelala na viatu.
Litacheka, lipite zake."
Kuku wa Sikudhani wakanyamaza wote pamoja.

Nje, jani moja la mgomba limegeuka.
Kisha jingine.
Nanyoosha mkono gizani, naishika kamba:
inatetema, kidogo,
kama ya ng'ombe aliyesikia kitu
akainua kichwa.