Mkasi Aomba Kura

Jina nililopewa ni Mkasi, na mkasi ndio unaonilisha.
Cherehani yangu iko barazani,
Utaani, hapa Wete, pale mtaro unapokata kona
na maji ya masika yasikate:
yanaingia ndani bila hodi,
yanabeba kandambili, masufuria,
mwaka jana hata mtoto wa paka
akilia juu ya kifuniko cha ndoo.
Nikasema basi.
Nikachukua fomu ya udiwani.

Mshindani mmoja tu, Bwana Haroub,
wa geti la buluu, kahamia juzi.
Nikajipa moyo: mie mzaliwa,
kitovu changu kimezikwa nyuma ya kile choo cha zamani.
Nani atanishinda kwa watu wangu?

Hodi ya kwanza, kwa Mzee Shaame fundi redio.
"Kura? Na kile kitambaa cha suruali yangu
kilichobaki, umekiweka wapi?"
Mwaka wa tisini na sita hiyo!
Nilikuwa bado najifunza kutunga uzi.

Hodi ya pili nilipewa chai ya mdalasini
na habari za kaka yangu Kombo,
alivyokopa akavukia Tanga.
Ya tano, mtoto akachungulia dirishani:
"Mama anasema hatupo."
Ya tisa waliniomba taa ya njiani, nikaahidi.
Kijana wa nyumba hiyo hiyo akanifuata hadi kwenye kona,
akaniomba kwa adabu isiwekwe.
Nikakohoa.

Kwa Bi Sichana nilifika jua limeshazama.
Hakuniketisha.
Aliingia chumbani, akatoka na gauni
la harusi ya dada yake, akanionyesha kwapa.
"Ulinibana hapa.
Nilikesha mikono chini kama askari wa gwaride,
watu wakadhani nina maringo.
Aliyekuja kuniangalia siku ile
akamuoa binamu yangu."
Nilitaka kucheka. Yeye hakucheka.
Miaka kumi na saba limelala sandukuni
na udi, na kinyongo.
Nikamweleza habari za mtaro.
"Aliyeshindwa kupima kwapa," akasema,
"ndiye atakayepima mtaro?"

Hapo ndipo nilipomfahamu Bwana Haroub.
Hakunishinda kwa fedha,
wala picha yake nguzoni haikuwa nzuri kuliko yangu.
Hajapata kumshonea mtu, basi.
Hana kaka mtaani,
hana mwaka wa tisini na sita.

Kura zilihesabiwa skuli, darasa la tatu,
ubaoni bado hesabu za kugawanya.
Haroub. Mkasi. Haroub. Haroub. Mkasi.
Idadi siitaji.
(Kumi na tisa. Ukoo wa suruali ile
ni watu kumi na wawili, niliwahesabu usiku.)

Asubuhi nikaitia cherehani mafuta.
Saa tatu akaja Bi Sichana na mfuko wa plastiki.
Yeye hakutaja kura, nami sikutaja.
"Binti yangu kalipenda. Anaolewa mfunguo pili.
Mtazamie hilo kwapa."

Nikaligeuza ndani nje.
Kumbe niliacha akiba, vidole viwili kila upande,
imekunjwa, inangoja,
kama kwamba mkono wangu wa usichana
ulijua umekosea ukaona haya kusema.
Siku yoyote katika miaka hiyo
ingetosha nusu saa.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Limenila, sikatai.
Limenibakishia mkono wa kulia.

Nikaanza kufumua, uzi baada ya uzi.
Wingu lilikuwa linajikusanya juu ya Jadida.
Bi Sichana akavuta kigoda, akaketi bila kukaribishwa,
akautazama mtaro kitambo.
"Hivi ule," akasema, "ulitaka upanuliwe kiasi gani?"

Nikauweka mkasi chini,
nikampimia kwa mikono miwili.