Konzi

Kwetu, milimani Mizoram, kabla chungu hakijainjikwa
mwanamke huchota konzi moja ya mchele
akaitia kando, kwenye kopo la Bwana.
Asubuhi konzi. Jioni konzi.
Jumamosi mimi hupita na kikapu mgongoni,
mkanda wake umenikaza kipaji,
nakusanya, napima, naandika.

Daftari langu halina doa.
Lalsangi: vibaba viwili.
Mama Zuala: viwili na kitu, hapendi kupitwa.
Biakmawii: kimoja.
Kimoja, kimoja, tangu mvua zilipokatika,
na mbele ya kile kimoja
nilitia nukta ndogo kwa penseli.
Mchungaji huipita bila kuiona.
Mimi naijua inavyosomwa: bahili.

Nyumba yake iko chini ya yangu, ukingoni,
imesimama juu ya nguzo kama mtu anayechungulia bonde.
Paa langu ni kubwa, hukinga mvua ya miezi mitano,
na tangi langu hubakiza maji hata Machi,
chemchemi ya bondeni ikiwa imeshakuwa tope.
Zamani bomba lilishuka toka kwangu
hadi dirishani pake.
Kisha nguruwe wake akaingia kwenye haradali yangu.
Tuta zima. Na miche ya kabichi.
Nikatoa maneno, naye akatoa yake,
nikapanda kwenye tangi na bisibisi,
nikalichomoa bomba, nikalikunja,
nikaliweka uvunguni
kama mtu anayeficha mkufu.

Miezi kumi na minne.
Kopo lake akilifuata Darngeni, si mimi.
Jumamosi hii Darngeni ana homa.
Nikashuka mwenyewe, vidato arobaini na viwili,
uso nimeuandaa tangu cha kwanza.

Hakusema karibu, wala hakusema ondoka.
Jikoni majivu tu, na saa sita haijatimu.
Akanipa kopo kwa mikono miwili,
nami nikalitikisa kidogo, mazoea ya miaka,
akajua ninapima.

"Siku hizi tunapika mara moja," alisema.
"Thanga walimpunguza kazini.
Ila kila chungu kinapopanda, konzi hutoka kwanza."

Konzi ile ilinipata utosini.

Nikiwa bado natafuta pa kutazama
binti yake akaingia, dumu kila mkono,
magoti yametapakaa tope la bondeni,
akaniamkia vizuri, kama alivyolelewa.

Usiku nilifungua daftari.
Nikaisugua ile nukta hadi karatasi ikatoboka.
Nikatafuta safu ya maji.
Kuna safu ya mchele, ya tangawizi, ya kuni,
ya mabati ya kanisa jipya.
Maji hayana safu.
Wingu lilipita juu yetu sote,
mimi nilichokuwa nacho ni paa tu.
Na kila Jumapili husema "vyote ni vyako, Bwana,"
nimefumba macho, sauti yangu juu ya za wengine,
na ufunguo wa koki mfukoni.

Nikapanda na tochi mdomoni.
Panya alikuwa amelitafuna bomba mahali,
nikapafunga kwa kipande cha kanga ya zamani ya mtoto.
Maji yalikohoa, yakasita, yakashuka.
Chini taa ikawaka.
Sikuona mtu.
Nilisikia ndoo ikiburutwa sakafuni.

Tangu hapo hatujasema kitu.
Kanisani alikaa kule kwake, mimi huku kwangu,
na bomba linavuja pale kwenye kitambaa,
asubuhi nitapafunga tena.
Liko neno moja, fupi, silabi zake hazijazi hata konzi.
Si langu. Nilikabidhiwa nilitoe,
na mpaka leo
nimelikalia.