Kijani cha Chupa

Tulikaa vikao vitatu kwa ajili ya rangi.
Cha kwanza kiliishia kwenye divai,
cha pili kwenye matusi,
na cha tatu Bi Ghislaine Collignon aligonga meza kwa miwani yake:
"Nina miaka themanini na mmoja.
Mkizidi kuchelewa mtaniteremsha
juu ya zulia lile lile bovu."
Tukapiga kura. Kijani cha chupa, sita kwa mbili.

Lile la zamani lilikuwa la damu ya mzee,
na mzee mwenyewe alikwisha kuishiwa damu:
ilibaki kandokando tu, chini ya fito za shaba.
Katikati nyayo zetu zilikuwa zimelitafuna
hadi nyuzi za gunia zikachomoza kama mbavu.
Vidato sitini na nane, ghorofa nne,
na kidato cha kumi na tisa, kilichomwangusha mleta barua
Novemba ile, mvua ya Liège ikinyesha
kama mgeni asiyejua kuaga;
vifurushi vilifika mlangoni kabla yake.

Bwana Firmin wa chini alikataa kulipa.
"Ngazi yenu hainihusu. Mimi naishi sakafuni,
sijawahi kupanda huko, wala sioni cha kupandia."
Akaonyeshwa mkataba, kifungu cha tisa.
Akalipa kwa sarafu, makusudi,
ndani ya mfuko wa viazi,
na mimi mhazini nikazihesabu hadi usiku wa manane,
vidole vikinuka udongo.

Alhamisi akaja fundi, Driss Amezian, na mwanawe,
na patasi, na magoti yaliyofungwa sponji.
Akaanzia juu.
"Zulia la ngazi halianzwi chini," alisema,
"litakuporomokea."
Chini yake tukakuta kibanio cha nywele, jino la mtoto,
faranga tatu zisizonunua tena hata kiberiti,
magazeti ya enzi migodi ingali wazi,
na vumbi, vumbi la kila mmoja wetu,
limechanganyika bila kupiga kura.

Ghorofa ya tatu, kando ya dirisha,
palikuwa na mashimo mawili, karibu karibu, ya visigino.
"Hapa paliwekwa nini?" akauliza Driss. "Kabati?"
Nunzia Ferrante alitoka na aproni yake.
Hakujibu upesi.
"Calogero," akasema. "Mapafu ya mgodini.
Miaka kumi na mmoja alisimama hapo kila jioni
akijifanya anautazama mto,
nisije nikamfungulia mlango akiwa anahema."

Mara ngapi nilipita nyuma ya mgongo ule
nikauliza, mto unaendeleaje, Bwana Ferrante?
Naye akainua kidole kimoja bila kugeuka.
Nilidhani ni majivuno.
Alhamisi ile nikasogea, nikachungulia.
Mto hauonekani pale.
Kuna ukuta na bomba la maji machafu.

Driss akakikata kipande kile kwa kisu,
akakikung'uta, akakikunja, akampa.
Kwenye ankara hakukiandika.

Jipya ni nene. Nyayo zinazama.
Zamani nilimjua kila mtu kwa sikio:
Bi Ghislaine hatua mbili na mkongojo,
watoto wa juu kama maharage yaliyomwagika.
Sasa watu wanakutokea mlangoni ghafla,
kama deni.

Jumapili, saa tisa usiku, nikatoka kuzima taa
iliyosahauliwa kuwaka ghorofa ya pili.
Sikusikia kitu; nani angesikia?
Bwana Firmin, na soksi, viatu mkononi,
anapanda polepole, kidato baada ya kidato,
akikanyaga katikati kabisa.

Tukatazamana.
"Nakagua," akasema. "Nimelipia."
Akaendelea kupanda.

Taa nikaiacha.