Kaharabu

Nguzo kumi na moja zilianguka usiku ule,
kutoka Karklė hadi kona ya kiwanda cha mbao,
barafu ikiwa nene juu ya waya kama mkono wa mtoto.
Redio ilikatika katikati ya neno.
Baba akavaa buti zenye meno, akafunga mkanda wake wa nguzoni,
akasema, "Msiningoje,"
nasi tukaanza kumngoja.

Siku ya tatu upepo ulikufa, baridi ikabaki,
baridi kavu ya kukausha hata mate.
Mama alikuwa mezani na ndoo ya alivyookota ufukweni:
vipande vya manjano, vingine rangi ya chai iliyokolea,
vingine si kaharabu hata kidogo
ila chupa zilizosagwa na mawimbi.
"Umeme uko wapi sasa hivi?" nilimuuliza.
"Ukikatika, huenda wapi?"

Hakujibu. Alichagua kipande kimoja chepesi,
chozi la msonobari lililodondoka
kabla ya mtu wa kwanza kujua kulia,
akakisugua kwenye sweta yake ya sufu
mara ishirini, thelathini, kama anayefuta jina,
akakishusha karibu na jivu la jiko.

Jivu likasimama.
Sisemi lilipeperuka. Lilisimama,
kama manyoya ya paka aliyeona mbwa,
kisha likaruka, chembe kwa chembe, likaganda.

"Hakuna kilichozaliwa hapa," alisema.
"Sufu imeporwa, basi. Vijitu visivyoonekana
vimehama mkononi mwangu, vimehamia huku.
Kaharabu sasa ni hasi, imejaa wageni;
sweta ni chanya, ina viti vitupu.
Jumlisha vyote: sifuri."
"Na jivu? Jivu halidaiwi wala halidai."
"Jivu ni kama shangazi yako Genovaitė.
Halina upande, lakini likisogelewa
hugeuza uso."

Jina lenyewe, kaharabu, ukilifumua
unakuta Kiajemi: mpora majani makavu.
Na jina la Kigiriki la kitu hikihiki
limejikunyata ndani ya neno elektroni.
Hayo niliyasoma baadaye sana.
Siku ile nilikuwa na uzi tu, na vipande viwili
vilivyosuguliwa sufu moja, nikavining'iniza:
vikakataana hewani
kama ndugu waliorithi shamba moja.

"Mbona havimwagiki?"
"Kwenye kaharabu hukaa palepale vilipotua.
Kwenye shaba hukimbia."

Ndipo nilipoogopa.
Kwa maana shaba ilikuwa huko nje, maili kwa maili,
na baba juu yake, na vijitu vilevile
vilivyoinua jivu, sasa wengi kupita hesabu,
vikitafuta njia ya kushuka ardhini
bila kuuliza kifua cha nani kiko katikati.
Nilimtazama mama. Alikuwa bado anasugua.
Jivu lilikuwa limekwisha, jiko limepoa,
naye anasugua.

Alirudi usiku, nyusi nyeupe, harufu ya lami.
Nilikimbia juu ya zulia kwa soksi za sufu,
nikiburuza miguu kwa furaha,
naye alikuwa amevua glavu, amenyoosha kidole.
Ta!
Cheche ya buluu, ndogo kama punje ya ulezi.
Baba, aliyeshinda siku tatu akibishana na volti elfu kumi,
aliruka nyuma, akagonga kichwa mlangoni,
akatamka neno ambalo nyumbani kwetu
halikuruhusiwa hata kwa ng'ombe.

Mama alicheka hadi akakaa chini.
Alicheka na kulia, akamshika baba mikono yote miwili,
akaigeuza, akaikagua kidole kwa kidole.

Sikumbuki taa ziliwaka saa ngapi.
Redio ilirudi katikati ya neno jingine,
na asubuhi nilikuta jivu limedondoka mezani,
duara dogo la kijivu kukizunguka kipande,
kilichokwisha kuachilia, polepole, bila mtu kukiomba.