Kielelezo P2

Mahakama ya Moshi, Jumanne, mvua ya manyunyu.
Mimi ndiye karani. Nimelifunga gobore lebo shingoni
kama mbuzi wa mnadani.

Wakili Kiwelu kaleta rejista ya mwaka thelathini na nne,
mende wameila hadi herufi M.
"Mheshimiwa, tusome walivyoishi waliotutangulia.
Kila mwenye kihamba alikuwa na bunduki yake."

Mwendesha mashtaka anacheka kwa pua:
"Kila mwenye kihamba, au kila rafiki wa bwana shauri?"

Hakimu anavua miwani. Zamani ipi, anauliza,
ya Mjerumani aliyezikusanya
au ya Mwingereza aliyezigawa kwa kibali?

Kizimbani, Ndeanasia Tesha hajaulizwa kitu.
Baba alipougua ni yeye aliyekesha,
akifyatua baruti tupu, nguruwe wakirudi msitu wa Rau.
Kwenye T yumo baba, yumo babu.
Yeye hayumo, na hapo mende hawana kosa.

Naandika: shauri limeahirishwa hadi tarehe kumi na tisa,
utetezi ulete historia zaidi.

Nalirudisha gobore stoo.
Viganja vyanguvinanuka mafuta ya cherehani,
mtu kalipaka, tena juzi juzi tu.